Doa Upande wa Kichwa

Sabuni ndiyo iliyoharibu mambo. Kama Umi angetulia, akamwaga maji matupu na kuliachia jua, huenda doa lile lingefifia lenyewe baada ya siku mbili tatu. Lakini mwenye hatia hana subira. Alichukua kipande cha sabuni na majivu ya jikoni, akapiga magoti, akasugua kwa nguvu zote alizojaliwa. Mbele ya macho yake wekundu ukageuka zambarau, na zambarau ikageuka nyeusi. Kitanda cha kuoshea maiti, mali ya msikiti, kikawa kama mtu aliyepigwa ngumi ya uso.

Kilikuwa kitanda cha mbao za libuyu, mti wa msituni, mbao sita nyembamba zilizopigiliwa juu ya miguu minne, zikiachana kidogo ili maji yapite. Hakikuwa na vanishi wala rangi. Kilikaa nje, nyuma ya nyumba ya mtunzaji, chini ya ukingo wa bati, kwa sababu ubao uliooshwa lazima upate upepo. Mtunzaji alikuwa Mahamudi, mume wa Umi. Alitunza kitanda hicho, jeneza, mikeka na sufuria kubwa, na kwa kazi hiyo kamati ya msikiti iliwapa vyumba viwili bila kodi. Jambo hilo mtaa mzima ulilijua, hata wale ambao hawakujua jina la Mahamudi.

Siku iliyotangulia Umi alikuwa amenunua ndoo mbili za pruni, yale matunda mekundu yanayoteremshwa kutoka milima ya Masisi, kwa bei ya kutupa, maana yalikuwa yameanza kulainika. Tangu vita viingie mjini Goma mwezi wa kwanza na benki kufunga milango, watu hawakununua tena matunda ya kula mkononi. Walau jus, maji ya matunda, ilikuwa na wateja kule sokoni Birere. Alihitaji mahali papana, pa juu, mbali na mavumbi meusi ya mawe ya volkano, na meza yake ilikuwa imevunjika mguu. Kitanda kiliegemea ukuta, kisafi, hakina kazi. Akakilaza, akatandika mfuko wa unga juu yake, akakamua. "Mbao ni mbao," alijiambia. Anayejiambia maneno ya namna hiyo mara nyingi amekwisha kujua kwamba si kweli. Mfuko ulikuwa na tundu, na tundu lilikuwa upande wa kichwa.

Sasa ilikuwa saa mbili asubuhi, na Mahamudi alitokea nyuma ya nyumba, simu mkononi.

"Bibi Kadidja amekufa," alisema. "Mbaraka njo amenipigia sasa hivi. Banakuya kukamata kitanda saa ine. Banataka bamuzike kisha adhuhuri."

Kisha akaona.

"Umi. Ni nini hii?"

"Ni pruni."

"Pruni gani?"

"Nilikamulia hapo jana. Kidogo tu."

Mahamudi aliketi juu ya jiwe. Hakupiga kelele. Angepiga kelele, Umi angepata la kujibu, maana tangu Mahamudi alipoacha kuendesha teksi kwa kukosa gari, chakula cha nyumba ile kilitoka katika beseni la matunda. Lakini mumewe aliketi tu, mikono juu ya magoti, akitazama ule weusi.

"Batu banaleta bazazi yao hapa," alisema mwishoni. "Weye unafanyia hapa biashara ya jus."

"Tulipashwa kula, Papa."

"Ninajua tulipashwa kula. Nitamuambia Mbaraka nini? Nimuambie mama yake atalala juu ya jus?"

Bibi Kadidja hakuwa mtu wa kuzikwa kimyakimya. Aliuza vitenge Birere kwa miaka arobaini, watu wa Maniema wote mjini walimwita mama, na kabla ya jua kuwa la utosi nusu yao wangekuwa kwenye uwanja wake wakikitazama kitanda kile.

Alikumbuka malimao. Mama yake mzazi alikuwa akitoa madoa ya matunda kwenye nguo kwa limao na chumvi. Aliomba malimao matatu kwa jirani bila kueleza ni ya nini, akayakata, akasugua nayo ubao. Weusi ukaanza kuondoka, na kwa muda wa pumzi mbili Umi alimshukuru Mungu kwa sauti. Halafu wekundu ukarudi. Ulirudi ukiwa mbichi, unang'aa, umetambaa katika mishipa ya mbao hadi ukingoni, ukidondoka matone kati ya ubao na ubao. Mwanzoni lilikuwa doa la tunda lililokauka. Sasa mtu yeyote mwenye macho angesema ni damu.

"Acha," Mahamudi alisema. "Acha kwanza, utaleta na rangi ingine. Nenda uite Murhula."

*

Murhula alikuwa seremala wa upande wa pili wa ua, Mshi wa kutoka Bukavu, Mkatoliki mwenye utani mwingi. Alikuja na randa kwapani, lakini alipoona kitanda utani ulimwisha. Mwezi ule wa kwanza wa vita yeye mwenyewe alitengeneza masanduku ya maiti hadi mbao zikamwishia. Alipitisha vidole juu ya ubao mmoja, akaukwaruza kwa ukucha.

"Mama Umi, ubao huu umekunywa maji miaka na miaka. Umelainika kama biscuit."

"Piga randa kidogo tu, papa. Juu juu."

"Kuna misumari. Na nikikwangua, utasimamisha vibanzi. Unataka kibanzi kiingie mu mugongo ya mama ya batu?"

Umi akasema labda javel, ile dawa kali ya kung'arisha nguo. Mahamudi alitikisa kichwa. "Javel hapana. Maiti analala na kafuri. Hatulazi mutu mu harufu ya cabinet, ya choo."

"Basi tubadilishe hizi mbili," Murhula alisema. "Munipatie siku mbili, na franga za libuyu."

"Tuko na saa moja."

Murhula aliinama tena, akalitazama doa kwa muda, akavua kofia.

"Poleni," alisema kwa sauti ya chini. "Zile siku za Januari mulifanya kazi ya mingi hapa. Damu ya batu haitokake mbio."

Hapo ndipo uongo ulipozaliwa, na uliletwa na mtu mwema asiye na nia mbaya. Umi alimtazama mumewe, na mumewe alimtazama yeye. Yeyote kati yao angeweza kusema, "Hapana, jirani, ni pruni." Neno lenyewe lilikuwa jepesi. Hakuna aliyelisema. Murhula alikataa kulipwa, akarudi kwake ameshika kofia mkononi, na Umi alitamani afadhali angewacheka.

*

Mbaraka alifika kabla ya saa nne kwa pickup, na binamu zake wawili nyuma. Alikuwa mfanyabiashara wa mafuta ya mawese, mtu mnene, na macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia. Alimkumbatia Mahamudi, akapokea pole, akazunguka nyumba. Kitanda kilikuwa juani. Umi alikuwa amekielekeza upande wa kichwa ukutani, lakini binamu mmoja alikishika hapo hapo ili ainue, akaachia, akatazama kiganja chake.

"Papa Mahamudi," Mbaraka alisema. "Hii ni damu?"

Umi alisimama mlangoni. Aliona mdomo wa mumewe ukifunguka na kufungwa. Katika ndoa ya miaka kumi na tisa hakuwahi kumsikia akisema uongo zaidi ya ule wa kumwambia mdai kwamba hayupo.

"Ni mambo ya Januari," Mahamudi alisema. "Ubao unakunywaka. Ikipata maji, inarudia juu."

"Na mulikuwa munaosha namuna gani? Miezi yote hii?"

"Tuliosha, Mbaraka."

"Mama yangu alale juu ya damu ya mutu?" Sauti ilimpasuka. "Alipaka mutoto wa kila mutu mu hii mutaa mafuta akizaliwa! Musikiti unawapatiaka nyumba juu ya nini, munaweza kuniambia?"

Mahamudi aliinamisha kichwa. Mbaraka akamtuma binamu apige simu msikiti wa pili, na jibu likaja kwamba kitanda chao kimetoka tangu alfajiri. Hakukuwa na njia nyingine. Wakati vijana wanapakia, Mbaraka alitoa noti ya franga elfu kumi, akaikunja mara mbili, akaitia katika mfuko wa shati la Mahamudi mbele ya watoto wa jirani waliokuwa wamejipanga juu ya ua.

"Ununue brosse ya kusugulia na sabuni," alisema. "Mutu mwengine asikute hii."

"Asante," Mahamudi alisema.

Alikuwa na ndevu nyeupe. Alikuwa amewaosha wanaume wa mji huu kwa mikono yake bila kudai hata senti. Na sasa alisema asante kwa sabuni. Umi aliisikia ile asante ikimwingia na kukaa, na aibu ikamshika hadi masikio yakawasha.

"Weye ubakie," mumewe alimwambia pickup ilipoondoka. "Imekwisha. Bataimwangia maji, batamulaza, ni mwisho."

"Ninaenda."

"Kufanya nini?"

Hakujua kufanya nini. Alijifunga kitenge, akatia mtandio kichwani, akaenda Birere kwa miguu.

*

Wanawake walikuwa wametundika mashuka nyuma ya nyumba ya marehemu na kutengeneza chumba kisicho na paa. Kitanda kilikuwa katikati. Maji yalichemka, kafuri ilikuwa imesagwa, na Bibi Kadidja alilala ndani akisubiri. Lakini hakuna aliyekuwa akifanya kazi. Mama Feza, mkuu wa waoshaji, alisimama amekunja mikono.

"Damu ni najisi," alikuwa akiwaeleza mabinti wa marehemu. "Siwezi kumulaza hapa mpaka itoke. Nimesugua mara mbili. Bado iko natoka."

Nje ya mashuka mwanaume aliita kwamba kaburi limekamilika, na imamu anauliza. Mama Feza akajibu kwamba imamu angoje. Binti mkubwa wa marehemu alimwona Umi akiingia, akageuza uso. Mwingine alisema, si kwa kunong'ona sana, "Njo huyu bibi ya mutunzaji." Wakasogea kidogo ili apate pa kusimama, na walisogea zaidi ya ilivyohitajika.

Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Wangemwona Umi siku ile, wangeongeza kwamba kuna na aibu ya mtunza kitanda.

Aliyekuwa akiteka maji alikuwa Mama Nuhu. Jina lake ni Fatuma, lakini alimleta duniani mtoto mmoja tu, Nuhu, na watu wakamwita yeye kwa jina hilo. Nuhu alikuwa mwendesha pikipiki. Risasi iliyopotea ilimpata shingoni, mtaa wa Katindo, mwezi ule wa kwanza. Kwa kuwa njia zilikuwa hazipitiki, alioshewa pale pale kwa Mahamudi, juu ya kitanda hiki, na wanaume ndio waliomwosha. Mama yake alikaa upande wa pili wa ukuta, akisikiliza maji. Tangu hapo, kila mwanamke wa jumuiya anapokufa, Mama Nuhu huja bila kuitwa, akateka maji hadi mwisho, akarudi kwake.

Aliweka ndoo chini. Alikuwa hajakiona kitanda vizuri hadi wakati ule, maana watu walikizunguka. Akasogea, akaweka kiganja chake juu ya doa.

"Iko upande wa kichwa," alisema.

Kiganja hakukiondoa.

"Ni ya Nuhu."

"Mama Nuhu," Mama Feza alianza, "batu walikuwa bengi siku zile..."

"Ni ya Nuhu. Yeye njo alipigwa kwa shingo."

Aligeuka kwa mabinti wa marehemu, na kabla hawajaelewa anafanya nini alikuwa amepiga magoti mbele yao, kwenye tope la maji.

"Bamama, munisamehe," alisema. "Ni mutoto wangu amewaharibia kitanda. Alitoka damu mingi. Haikuwa makusudi yake. Munisamehe, nitaiosha mimi."

Binti mkubwa alianza kulia. Mama Nuhu alivua kitambaa chake cha kichwa, akakichovya katika maji ya uvuguvugu, akaanza kusugua. Hakusugua kama Umi alivyosugua asubuhi. Alipangusa polepole, akiufuata ubao kwa vidole, midomo ikimchezacheza. Limao lilikuwa limekwisha kulilegeza doa, na kitambaa kikapata wekundu. Alikitazama. Akakikunja, wekundu ukiwa ndani, akakitia kifuani chini ya nguo. Kisha akaomba kitambaa kingine.

Umi aliona yote hayo akiwa hatua tatu tu. Na tuseme ukweli wote: jambo la kwanza lililomjia lilikuwa kunyamaza. Doa lilikuwa linatoka. Baada ya dakika kumi lingekuwa limekwisha, Mahamudi angebaki na jina la mzembe tu, nyumba ingebaki yao, na Mama Nuhu angepata kitu cha kubaki nacho. Kila mtu angeridhika. Shetani mwenyewe asingeweza kupanga vizuri zaidi. Lakini macho yake hayakutoka kwenye magoti ya yule mwanamke, yaliyojaa tope, ambaye alikuwa ameomba radhi kwa watu kwa sababu mwanawe alikufa akitoka damu.

"Mama Nuhu, acha," alisema. "Haiko damu."

Mama Nuhu aliendelea, kama hakusikia.

"Ni pruni. Nilikamulia pruni juu ya kitanda, jana. Ni mimi."

Mtu alisema astaghfirullah. Binti mdogo wa marehemu alijifunika mdomo, na hadi leo Umi hajui kama alikuwa anazuia kicheko au matapishi. Kuku walisikika kwa jirani.

"Bwana yako alisema ni ya Januari," Mama Feza alisema.

"Alikuwa ananifichia haya yangu."

Mama Feza aliinama, akapitisha kidole kwenye ubao, akakinusa. Hakukasirika. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini aliyesimama tangu alfajiri, na sauti yake ilikuwa ya uchovu tu.

"Tunda haiko najisi, Umi," alisema. "Ungetuambia asubuhi, tungetia maji mara moja, tungekuwa tumekwisha kumuosha."

Basi. Sabuni, majivu, malimao, seremala, uongo, noti ya elfu kumi na ile asante, vyote vilikuwa kwa ajili ya kitu ambacho dini haikuwa na shida nacho. Umi aliona ardhi ya Birere ni ngumu mno, haiwezi kupasuka imfiche mtu.

Mama Nuhu alikuwa ameketi juu ya visigino vyake. Alitoa kitambaa kifuani, akakifungua, akakisogeza puani. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika kutambua tunda.

"Na yake?" aliuliza.

"Yake nini, mama?"

"Damu ya Nuhu. Iliendaka wapi?"

Umi alijua. Siku ile hakuna aliyeweza kutoka, na mawe ya Goma hayachimbiki. Mahamudi aliyaelekeza maji ya kumwoshea Nuhu kwenye nyufa za lava nyuma ya nyumba, na kitanda akakisugua hadi kikawa cheupe, halikubakia hata tone, na aliporudi ndani alilia.

"Iko kwetu," alisema. "Nyuma ya nyumba. Ilishuka mu mashimo ya mawe."

"Pale unamwangaka maganda?" Mama Nuhu alikuwa amewahi kununua matunda kwake. Alipajua.

"Pale, mama."

Mama Nuhu aliinamisha kichwa mara moja, kama mtu aliyeelekezwa njia. Akakikamua kile kitambaa, akajifunga tena kichwani kikiwa kimelowa, akaokota ndoo yake.

"Kesho nitakuya," alisema. "Usimwange kitu pale. Hata maji. Mpaka nifike."

"Simwangi, mama."

"Maji yanapoa," Mama Feza alisema, na wakaenda kumleta marehemu.

*

Mahamudi alirudi kutoka makaburini wakati wa alasiri. Habari ya pruni na ya Mama Nuhu ilikuwa imemfikia huko, naye alikuwa amemrudishia Mbaraka noti yake mbele ya wanaume wote, na Mbaraka aliipokea, akaitia mfukoni. Kamati ingekaa Ijumaa kuzungumza habari ya nyumba. Hayo yote alikuja ameyabeba ili amweleze mkewe, lakini hakumkuta ndani.

Alimkuta nyuma, amepiga magoti juu ya mawe meusi, beseni pembeni. Maganda ya ndoo mbili za pruni, aliyoyamwaga jana bila kufikiri, alikuwa anayatoa katika nyufa moja moja. Vidole vilikuwa vimechubuka kwa ukali wa lava. Mahamudi alisimama akimtazama, kisha akakunja mikono ya kanzu, akapiga magoti upande wa pili wa ufa.

"Mama Nuhu anakuya saa ngapi?" aliuliza.

"Hakusema. Alisema kesho."

Waliokota hadi beseni likajaa. Yaliyokuwa juu yalitoka. Mengine yalikuwa yameshuka ndani sana, na mkono haukufika.